Mawingu yakifunguka Moshi, anzia uani kwako kwanza

Aisee mwaka huu mawingu yametutesa. Masika iliingia mwezi wa tatu tukasema ikiisha tutapiga picha za nyota, kumbe mwezi wa sita mpaka wa nane ndo lile wingu la baridi linatukalia kama blanketi, Kibo huioni wiki nzima, na mimi nakaa upande wa Kibosho huku migombani ambako wingu ndo kwao. Begi la kamera likahamia juu ya kabati.

Sasa sikia nilichofanya. Usiku wa kwanza anga kufunguka nikapakia kila kitu kwenye gari la shemeji, nikashuka mpaka Boma Ng'ombe maana kule kukavu na ukitoka kidogo nje ya mji giza lipo, nikasubiri Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kipande, nikapiga picha 140, nikarudi alfajiri naimba. Kufungua kwenye kompyuta, nyota zote vitumbua. Mviringo, nene, zimejaa kabisa. Nilizungusha ringi ya fokasi mpaka mwisho nikaamini hapo ndo mbali, wakati nilishajua zamani kwamba lenzi nyingi zinapitiliza. Mwezi wa pili hiyo kitu nilikuwa naifanya nimefumba macho.

Na si hilo tu, katikati ya picha kuna ukungu ukungu. Nikamulika lenzi na tochi ya simu kwa nyuma, nikaona vinyuzi vyeupe kama utando wa buibui. Fangasi. Begi lililofungwa, unyevu, giza, unategemea nini? Siku hizi lenzi zinakaa kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vya kwenye boksi la viatu, na nazitoa mara kwa mara hata kama sipigi.

Kwa hiyo usiku wa kwanza usisafiri. Toka uani, tripodi, kamera, lenzi moja, basi. Tafuta nyota yoyote kali, kuza skrini mara kumi, zungusha fokasi taratibu mpaka iwe kanukta, halafu bandika selotepu kwenye ringi isiguswe. Traka, kile kifaa kinachozungusha kamera kufuata nyota, iache ndani kwanza. Kwa lenzi ya 50mm na kamera yenye sensa ndogo, zidisha 50 kwa 1.5 upate 75, halafu gawanya 500 kwa 75 unapata sekunde 6 na kitu, mimi naweka 5 nyota zisivutike. Picha 200 za hivyo ni karibu dakika 17 za mwanga, unazipanga pamoja kwenye Siril, programu ya bure, na Kilimia kinatoka vizuri tu.

Traka ndo ina mambo huku kwetu. Maelekezo yote yanakwambia tafuta Polaris, ile nyota ya kaskazini, uielekezee traka, sasa sisi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, Polaris iko chini ya upeo wa macho na hata ingekuwa juu kidogo mlima ungeifunika. Ncha ya kusini ya anga nayo iko nyuzi 3 tu juu ya ardhi, yaani ndani ya miti ya jirani. Mimi naelekeza kwa dira, napima mwinamo kwa simu, napiga picha ya dakika moja, nyota zikivutika nasogeza kidogo narudia. Inachosha, ndo maana nasema siyo kazi ya usiku wa kwanza.

Mawingu yakirudi, na yatarudi maana vuli iko njiani, funika lenzi na kifuniko chake upige picha za giza kwa setingi zilezile na baridi ileile. Zinasaidia kutoa zile chembechembe za kelele, na hazihitaji nyota hata moja.

Halafu mwambie balozi na majirani. Mtu anayezunguka uani saa nane usiku na tochi nyekundu anaweza kuitiwa mwizi, au kitu kibaya zaidi. Mlinzi wa jirani alikuja na rungu, "Mangi, hivi unamtafuta nani huko juu?" Nikampa aangalie skrini. Akahesabu nyota za Kilimia akafika kumi na nne akachoka. Sasa hivi ndo ananigongea dirisha anga likifunguka, na hajawahi kukosea, tofauti na ile app ya hali ya hewa kwenye simu yangu.