Mama kanishonea suti, ofisini wamesema "vaa kawaida"

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Morogoro na mama yangu. Nilimaliza chuo mwaka juzi na tangu hapo natuma maombi ya kazi bila mafanikio. Wiki iliyopita nimeitwa usaili Dar es Salaam, Mikocheni, kwenye kampuni ndogo ya vijana waliotengeneza programu ya simu inayowasaidia wenye maduka kuweka hesabu za mauzo na madeni. Nafasi ni ya kuhudumia wateja, na kazi kubwa ni kuzunguka madukani kuwafundisha. Usaili ni Jumatano ijayo saa nne asubuhi. Ujumbe wao unamalizia hivi: "Usihangaike na suti, sisi huku tunavaa kawaida tu."*

*Tatizo ni kwamba mama alishasikia neno usaili kabla sijamwambia hayo mengine. Ametoa akiba yake ya kikoba akanishonesha suti ya bluu iliyokoza kwa fundi wa mjini. Imenikaa vizuri sana. Rafiki yangu wa Kimara, ambako nitafikia, anasema nikitokea na suti watanicheka, nivae jinzi, tisheti na raba kama wao. Nina elfu arobaini, naweza kununua raba Kariakoo. Nguo nyingine za maana nilizonazo ni shati jeupe, shati la mtumba la drafti ndogondogo za bluu (kifungo chake cha pili kinalegea), na moka nyeusi. Nisipovaa suti naona namvunja moyo mama. Nikivaa naogopa. Nifanyeje?*

*Mwenye Suti, Morogoro*

Marahaba mwanangu, na hongera. Miaka miwili ya kutuma maombi na kusubiri simu isiyoita inachosha roho, kwa hiyo kabla ya habari ya nguo nakupongeza kwa kuitwa.

Nikujibu mapema ili usisome kwa wasiwasi. Koti la suti libaki Morogoro. Suruali ya suti hiyohiyo ndiyo uende nayo Mikocheni, juu yake lile shati la drafti, mkanda mweusi na moka zako. Tai usiiguse. Sasa nikupe sababu, maana ukizielewa hutayumba asubuhi ile ukiwa mbele ya kioo na rafiki yako pembeni anakubishia.

Tuanze na ujumbe wao. Mtu akikuambia usihangaike na suti, amekuelekeza. Kazi unayoiomba ni ya kumsikiliza mteja anachotaka, na hao ndio wateja wako wa kwanza. Ukitokea na koti na tai, hawatakucheka, hapo rafiki yako anakutisha bure. Ila watajiuliza kama uliusoma ujumbe mpaka mwisho. Tena wewe mwenyewe utajiona mgeni mle ndani, na mtu anayejiona mgeni hujibu kwa sauti ndogo.

Lakini neno "kawaida" nalo lina mtego. Kawaida ya nani? Yule anayeandika programu mpaka usiku wa manane, kawaida yake ni fulana iliyopauka na sendo. Mwenye kampuni anaweza kuja na kaptula na hakuna wa kumuuliza. Hao kazi wanayo tayari. Wewe kawaida yako itafute kwa mtu anayefanya kazi unayoiomba, yule anayetoka ofisini asubuhi kwenda madukani. Ingia kwenye kurasa zao za mtandaoni, tazama picha walizopiga wakiwa kwa wateja. Nadhani utakuta fulana za kola, zile mnazoita fomu siksi, au shati lililokunjwa mikono na suruali ya kadeti. Ukishaiona picha hiyo, panda ngazi moja juu yake, basi. Ngazi moja inaonyesha kwamba siku hii umeipa uzito. Ukipanda tatu, umeshaondoka walipo.

Na hapa ndipo koti linapokukataa hata kama wasingeandika ule ujumbe. Fikiria uko Kariakoo, Mtaa wa Kongo, unaingia duka la vyombo na suti yako ya bluu, mkononi una faili. Mwenye duka ataona mtu wa TRA ameingia. Wafanyabiashara wale walifunga maduka Mei 2023, wakafunga tena Juni 2024, na habari za kodi zilikuwa katikati ya malalamiko yao. Mtu aliyepitia hayo humfundishi kuandika mauzo yake kwenye simu huku umevaa kama mkaguzi. Atakuambia bosi hayupo, na bosi ni yeye. Wakikuuliza Jumatano utawaingiaje wenye maduka, hili lizungumze. Waambie ungevaaje, ungesalimia vipi, ungesubiri wateja wapungue ndipo utoe simu. Hapo wataona umeshaifikiria kazi yao, na shati lako litakuwa ushahidi.

Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili miaka tisa, na kuna kijana mmoja sijamsahau. Ilikuwa Februari, joto lile la Dar la kunata mwilini, na feni ya chumba ilikuwa mbovu. Alikuja na suti nyeusi mpya. Lebo ya kiwandani ilikuwa bado imeshonewa kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya vifungo, na ule mpasuo wa nyuma ya koti ulikuwa bado umefungwa kwa uzi mweupe. Vitu hivyo huwa vinatolewa kabla ya kuvaa, lakini nani alimwambia? Jasho lilimtoka kwenye nywele likashuka mpaka kwenye kola. Mwenzangu akamwambia, "Kaka, vua koti tu, hapa tuko nyumbani." Akakataa. Tukamwambia tena, akashukuru, akakataa. Alipoinuka kuandika ubaoni, koti likapanda, tukaona. Shati lilikuwa limepigwa pasi kola na kifua tu, kwingine kote limejikunja kama limetolewa kwenye gunia. Bila shaka umeme ulimkatikia akawahi sehemu zinazoonekana. Kijana yule kazi aliijua. Lakini swali likiulizwa, nusu ya akili yake ilikuwa inalinda koti. Nilimtetea tulipokaa kujadili, sikusikilizwa, nafasi akapewa mwingine. Inaniuma mpaka leo, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu hivi.

Kwa hiyo ukijaribu nguo Jumapili, usisimame tu mbele ya kioo. Kaa kwenye kiti kigumu nusu saa. Inama uokote kalamu. Nyoosha mkono kama unayeandika ubaoni, uone shati linachomoka au linabaki. Ongea kwa sauti huku umeivaa. Nguo ikikukumbusha kwamba ipo, hiyo haifai, hata iwe ya bei gani.

Shati jeupe nimelikataa kwa sababu ndogo lakini ya kweli: jeupe juu, bluu iliyokoza chini, utafanana na mwanafunzi wa shule ya msingi. Drafti ndogo zinaficha jasho, tena zinaonekana za mtu mzima aliyetulia. Ndani vaa singlendi safi, itakunywa jasho kabla halijafika kwenye shati. Mikono iache mirefu. Ukifika ukakuta wote wako na fulana, ikunje mara mbili ifike chini ya kiwiko, na papo hapo umefanana nao. Koti halikunjwi, mwanangu.

Raba usinunue. Kiatu kipya siku ya usaili kinabana na kung'ata, na raba nyeupe ikikutana na dimbwi moja tu la Mikocheni imekwisha. Pia nikuambie jambo ambalo vijana wengi hawalitazami: raba za hao jamaa, zile zinazoonekana za kawaida, nyingine zinazidi bei ya suti yako. Ukianza kushindana nao huko utamaliza fedha na bado watajua ni za kuiga. Moka zako zipeleke kwa fundi akushonee pale zilipoachia, kama zimeachia, zipigwe kiwi, basi. Jinzi si dhambi, ungekuwa nayo nzima na nyeusi ningekuruhusu. Zilizochanika magotini, hapana. Fulana yenye maandishi makubwa, hapana, watasoma kifua chako badala ya kukusikiliza. Na jezi usiifikirie kabisa, meza ile haitakosa mtu wa Simba na mtu wa Yanga.

Elfu arobaini yako ni ya safari. Shuka Dar Jumanne, kwa treni ya SGR au kwa basi, usije ukaondoka Morogoro alfajiri ya siku yenyewe. Kutoka Kimara utapanda mwendokasi mpaka Morocco, kisha bajaji. Asubuhi mwendokasi unajua unavyojaa, mtu anaingia na shati lililonyooka anatoka nalo kama tambara. Mimi ningepanda na fulana ya kawaida, shati nimelikunja kwa upana ndani ya begi, limefungwa kwenye kanga safi. Ukishuka, tafuta mgahawa, agiza chai, omba maliwato, badilisha, nawa uso. Saa tatu na nusu uwe umeshakaa karibu na ofisi yao, unapumua. Bodaboda iache kwa siku hiyo, vumbi na kofia ngumu aliyovaa abiria aliyetangulia vitakuharibia kazi yote.

Na ukiwa bado una shaka, waulize. Si ujinga. Andika hivi: "Habari za kazi. Nashukuru kwa mwaliko wa Jumatano saa nne. Naomba kufahamu, siku hiyo tutabaki ofisini au tutatembelea wateja pia, ili nijiandae na nguo na viatu vinavyofaa?" Ujumbe kama huo ningeupokea mimi, ningemkumbuka jina aliyeutuma.

Mabinti nao huniuliza haya kila mara, kwa hiyo kwa ufupi: kipimo ni hichohicho. Sketi au gauni unaloweza kupandia bajaji bila kulishika kwa mkono, mtandio au hijabu ya rangi moja isiyokudai kuirekebisha kila dakika, viatu unavyoweza kutembelea Kariakoo mzima. Kitenge kilichoshonwa vizuri kinakubalika karibu kila mahali.

Sasa mama. Najua hapa ndipo barua yako ilipotoka hasa.

Mama yako hajakosea. Yeye ameona watu wakiingia ofisini na suti, akaona mwanawe asiingie pungufu yao. Akiba ya kikoba hutolewa kwa ugonjwa, ada au msiba, na yeye ameitoa kwa ajili ya mabega yako. Usimfiche kitu. Nakuonya hasa kuhusu ule mpango ambao najua umeshakujia kichwani: kuvaa koti akusindikize stesheni, halafu ulivue njiani. Jioni atakupigia kuuliza walisemaje walipoiona suti, na utaanza kumdanganya mama kwa kitu alichokupa kwa mapenzi.

Kaa naye leo. Fungua simu, msomee ule ujumbe neno kwa neno, asikie mwenyewe kwamba ni wao waliosema. Mwambie suruali ndiyo itakayokupeleka, maana ni kweli, huna suruali nyingine inayokukaa hivyo. Akisema bila koti na tai hutaheshimika, mkumbushe Mwalimu Nyerere na suti zake za kola fupi, alizovaa bila tai miaka mingi na dunia ikamheshimu. Mwambie pia koti lina siku yake. Ukiitwa na Sekretarieti ya Ajira, au na benki, utavaa suti nzima na tai juu, na hapo mimi niko upande wa mama kabisa. Serikali ina waraka wake wa mavazi, na benki nyingi bado zinapenda mtu aliyefunga vifungo vyote. Koti litundike, lifunike na shuka lisipate vumbi, huenda likahitajika mapema kuliko unavyodhani.

Halafu mpe kazi. Mwombe akupigie pasi lile shati la drafti, lote, mgongoni na mikononi, si kola na kifua tu. Jumanne aliviringishe kwenye kanga yake mwenyewe. Utakapolifungua Jumatano kwenye maliwato ya mgahawa Mikocheni, litakuwa limebeba harufu ya nyumbani, na mama atajua alikuvisha yeye.

Kile kifungo cha pili kishone leo usiku, kwa uzi wa bluu, upitishe sindano mara sita. Kiko usawa wa kifua, ndicho watakachokiona kila ukivuta pumzi.