Kabla Hujamsema Mkubwa Hadharani

Bwana shamba mmoja kijana, aliyeajiriwa karibuni wilayani Kaliua, ameniuliza kama aandike katika kundi la WhatsApp la wadau wa tumbaku kuhusu kiongozi ambaye anaona anawaumiza wakulima. Nilimjibu kwa simu, lakini swali lake lilistahili jibu refu zaidi, na najua wapo wengi hapa Tabora wanaolibeba kimoyomoyo.

Mdogo wangu, sekta yetu ina wakulima wengi sana, kuanzia Urambo hadi Sikonge, ila wenye maamuzi ni wachache. Kampuni zinazonunua zinahesabika, na mameneja wake, viongozi wa ushirika na wateuzi wanaopanga madaraja ya tumbaku hukutana katika vikao vilevile msimu baada ya msimu. Ukigombana na mmoja wao, usidhani utahamia kwa jirani yake na kuanza upya.

Mimi niliwahi kusema. Nilikuwa na mkataba wa msimu katika kampuni mojawapo, na siku ya soko, kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, nilimwona mteuzi akichomoa fungu la majani katika robota, yaani furushi la tumbaku lililofungwa, la mama mmoja, akalitupia jicho mara moja na kuandika daraja la chini kwenye lebo. Mama yule alikuwa amekesha kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, akichochea moto, na mkopo wa pembejeo ulikuwa unamsubiri. Robota lililofuata, la ndugu wa kiongozi, lilikuwa na majani ya rangi ileile, nalo likapewa daraja la juu. Usiku ule niliandika nilichokiona na nikamtaja kiongozi huyo kwa jina. Kilikuwa kweli, na sijutii kukisema.

Hakuna aliyenifukuza, na hapa ndipo nataka uwe makini. Mkataba wangu uliisha kwa tarehe yake, msimu mpya ukaanza bila mtu kuniita, jina langu likakosekana katika orodha ya mafunzo, na meneja wa kampuni nyingine, ambaye tulikuwa tumeshapatana mshahara, akaacha kupokea simu zangu. Sikupewa barua hata moja ambayo ningeweza kuilalamikia.

Sheria inasaidia, lakini si kwa kiasi ambacho wengi wanadhani. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, masharti dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali hayamhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo, na mikataba mingi ya msimu haifiki hapo. Aliyetimiza muda huo anatakiwa kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Vilevile, Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Aliyeanza kwa kurusha ujumbe kwenye kundi asitegemee kinga hiyo, na akikosea ukweli anaweza kukutana na Sheria ya Makosa ya Mtandao, nayo ya 2015.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba tendo litangulie na jina lifuate, tena jina lije pale tu karatasi zinapolibeba. Piga picha lebo, hifadhi stakabadhi, andika tarehe na uzito wa kila robota. Kisha mwombe mwanachama wa ushirika aulize kwenye mkutano mkuu, taarifa ya ukaguzi ya COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, inaposomwa, na ahakikishe swali lake limeingia katika muhtasari. Likipuuzwa, liende kwa Mrajis Msaidizi wa vyama vya ushirika wa mkoa, na likiwa na harufu ya rushwa, kwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Njia hii ni ndefu na inachosha, lakini anayetaka kukunyamazisha atalazimika kujibu maandishi.

Sisemi kwamba kusema hadharani kuachwe. Mwaka 1958, mwaka uleule TANU ilipofanya mkutano wake mkuu hapa Tabora, Nyerere alishtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya aliyoyaandika katika Sauti ya TANU kuhusu wakuu wa wilaya wawili wa kikoloni. Alihukumiwa faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi 6, akalipa faini na kuendelea na kazi. Lakini alikuwa na chama nyuma yake, na kazi ya ualimu alikuwa ameshaiacha tangu 1955. Bwana shamba anayetegemea mkataba mmoja hana mgongo wa namna hiyo.

Kama umeamua kusema, zungumza kwanza na mwenzi wako nyumbani, kwa sababu ada ya shule itakapokosekana ni yeye atakayeulizwa na watoto. Weka akiba ya kuwavusha walau msimu mmoja, au uwe na shamba lako la mahindi, au mizinga ya nyuki. Mjulishe pia mkulima unayemtetea, umwombe ridhaa kabla hujataja robota lake, maana mwakani atarudi kwenye ghala lilelile, mbele ya mteuzi yuleyule.