Kitabu kilinipa fikra, gemu ikanitia majaribuni

Mkuu, umeuliza kama mtu asiye na subira ya vitabu vizito anaweza kujifunza falsafa, na kama gemu zina lolote la kumfundisha kuhusu namna ya kuishi au ni kupoteza muda tu. Nitakujibu kwa yaliyonipata mimi.

Nilianza na Epictetus, mwanafalsafa wa kale. Huyu alizaliwa mtumwa, na mwenyewe hakuacha maandishi. Tulichonacho ni mafundisho yaliyoandikwa na mwanafunzi wake Arrian. Kijitabu cha mwongozo kilichotokana na mafundisho hayo kina vifungu 50 na ushei, vingine vya mistari michache tu, kwa hiyo uzito si kisingizio. Kinaanza kwa kuyagawa mambo: yaliyo mikononi mwetu, kama maoni na matamanio yetu, na yasiyo mikononi mwetu, kama mwili, mali, sifa na cheo. Nilikisoma mara mbili, nikapigia mistari kwa penseli, nikaanza hata kuwashauri wenzangu. Niliamini nimeelewa.

Kisha nikacheza Papers, Please, gemu aliyoitengeneza Lucas Pope mwaka 2013. Wewe ni mkaguzi mpakani katika nchi ya kubuni. Kazi ni kulinganisha karatasi: jina, tarehe, picha, mihuri. Unalipwa kwa idadi ya watu uliowahudumia, na jioni unagawa ulichopata kati ya kodi ya nyumba, chakula na kupasha nyumba joto. Mtu akiugua, dawa nayo inadai. Makosa mawili ya kwanza kwa siku unaonywa tu, la tatu unakatwa.

Akaja mwanamume, karatasi zake safi. Nikagonga muhuri wa kijani. Kabla ya kupita akaniomba nimhurumie mke wake aliye nyuma yake kwenye foleni. Mke akafika, hana kibali cha kuingia. Anasema akirudishwa kwao atauawa. Mimi nilikuwa nimeshaonywa mara mbili siku hiyo, na pesa haikutosha. Nikagonga muhuri mwekundu. Haikuchukua hata sekunde tano, nikaita anayefuata.

Baadaye nilizima kompyuta nikakaa kimya. Kuilinda familia ni hoja inayoweza kutetewa, ila mimi sikuwa nimefikiria familia wala nini. Macho yalikuwa kwenye saa, na yule mama nilimwona kama karatasi yenye kasoro. Ungeniuliza siku moja kabla, ningeapa nitampitisha. Nikarudi kwenye kijitabu kutazama mistari yangu ya penseli: pale penye mali na cheo sikuwa nimepigia hata neno moja.

Ndiyo maana siwezi kukuambia uchague kimoja. Bila gemu ningeendelea kushauri watu mambo nisiyoyaishi. Bila kitabu ningesema ni gemu tu, nikaendelea kugonga mihuri. Na Epictetus mwenyewe hakuudharau mchezo: anatoa mfano wa dado, kwamba hujui itaangukaje, ila kuitumia kwa uangalifu na ustadi ile iliyokwisha kuanguka ndiyo kazi yako.

Ukitaka jambo la utulivu zaidi, kuna Walden, a game ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Tracy Fullerton wa Marekani kutokana na kitabu cha 1854 cha mwandishi Thoreau, aliyesimulia maisha yake ya peke yake msituni. Ukihangaika na chakula na kuni tu, bila kusimama kuutazama msitu, rangi za dunia yako zinaanza kufifia. Mimi ilinichukua muda kugundua kwamba zimefifia.

Anza hivi: kifungu kimoja usiku, na ukimaliza kucheza andika ulichochagua na sababu uliyokuwa nayo wakati ule ule, kabla hujaanza kujitetea. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu una mstari mmoja: "Nimemrudisha. Nilikuwa na haraka."