Mfungwa akimuua askari magereza, sheria yetu inasemaje?

SWALI: Wakili, shikamoo. Kaka yangu ni askari magereza, na kila siku yuko shambani akisimamia wafungwa wa kazi za nje. Nimesoma habari za mfungwa wa Marekani aliyetekelezewa adhabu ya kifo kwa kumuua askari wa gereza. Je, kwetu nako sheria ni kali hivyo kwa anayemuua askari? Na mfungwa ambaye tayari ana kifungo cha maisha ataongezewa nini? Msomaji, Masasi.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwenye Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, hakuna kosa la peke yake la kumuua askari magereza. Kuna kuua kwa kukusudia, kifungu cha 196, na adhabu yake katika kifungu cha 197 ni moja tu: kunyongwa hadi kufa. Aliyemuua mvuvi Mikindani na aliyemuua askari gerezani wanashtakiwa kwa kifungu kilekile, na jaji akishamtia mtu hatiani hana hiari ya kuchagua adhabu nyingine. Msamaha wa kutonyongwa uliomo kwenye sheria ni kwa mjamzito na kwa aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa.

Marekani ni tofauti. Mwaka 2011, huko South Dakota, wafungwa Eric Robert na Rodney Berget walimuua askari wa gereza la Sioux Falls wakijaribu kutoroka. Wote walikiri kosa. Robert aliuawa kwa sindano ya sumu Oktoba 2012, mwenzake Oktoba 2018. Kule, kwamba marehemu alikuwa askari ni jambo linaloongeza uzito wa kosa, lakini lazima lipimwe pamoja na hali nyingine za mshtakiwa. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa adhabu ya kifo kuwa ya lazima hata kwa mfungwa wa maisha anayeua akiwa gerezani.

Kwetu, kesi nzima husimama kwenye nia ovu, yaani kile mshtakiwa alichokusudia au kukijua alipotenda, na hapa ndipo kazi ya kaka yako inapoguswa. Tuseme wafungwa wanapalilia mikorosho. Mmoja anampiga askari jembe la kisogoni ili apate mwanya wa kukimbilia porini, na siku ya tatu askari anafia hospitalini. Mahakamani mfungwa anasema: "Sikutaka afe, nilitaka kutoroka tu." Wengi hudhani maneno hayo yatamshusha hadi kuua bila kukusudia. Hayamshushi. Kifungu cha 200 kinataja waziwazi, miongoni mwa aina za nia ovu, kusudio la kumwezesha mtu aliyetenda kosa kutoroka akiwa chini ya ulinzi. Kwa hiyo utetezi wake ndio unaoikamilisha kesi ya Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Na kama walipanga kutoroka wawili, yule ambaye hakushika jembe naye yumo hatarini, maana kifungu cha 23 kinawabebesha wote matokeo ambayo mpango wao ungeweza kuyaleta.

Ila ikiwa askari ndiye aliyeanza kumpiga mfungwa, naye akarudisha pigo palepale kwa hasira kabla hajatulia, hapo kuna hoja ya kukasirishwa. Ikikubalika, kosa linakuwa kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Sare ya askari haimwondolei mfungwa utetezi huo, na naamini ni haki iwe hivyo.

Sasa huyo wa kifungo cha maisha. Akipatikana na hatia naye atahukumiwa kunyongwa, kama mwingine yeyote. Atakuwa na haki ya kwenda Mahakama ya Rufani, na taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 30. Rufaa ikigonga mwamba, Rais ana mamlaka ya kumsamehe au kumbadilishia adhabu kwa Ibara ya 45 ya Katiba. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini, na mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hatasaini amri ya kunyonga mtu. Lakini hukumu hiyo si maneno matupu: mtu anakaa miaka gerezani bila kujua ni lini karatasi yake itasainiwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilitamka Novemba 2019 kwamba kuifanya adhabu hii ya lazima kunakiuka haki ya kuishi. Mimi naunga mkono uamuzi huo, nikijua kabisa kaka yako yuko kazini leo. Jaji aachiwe apime.

Jambo moja kaka yako anaweza kulifanya sasa. Mfungwa akimtishia, aripoti kwa mkuu wa gereza kwa maandishi: tarehe, maneno yenyewe yalivyotamkwa, na nani aliyesikia. Taarifa hiyo inampa mkuu sababu ya kumwondoa mfungwa huyo kwenye kazi za nje mapema. Na likitokea la kutokea, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Enock Kipela ilieleza yanayoangaliwa katika kutafuta nia ovu: silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, mwenendo wa mshtakiwa, na maneno aliyoyatamka kabla ya tukio, wakati wa tukio na baadaye.