Maswali na Majibu: Oksimita, Simu na Moyo wa Mtoto

Nimenunua kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Mwanangu ana wiki tatu. Kilisoma 88, baada ya dakika tano kikasoma 97. Nishike ipi? (Mama, Tabora)

Usishike hata moja, mama. Kibanio hicho ni cha kidole cha mtu mzima. Kwa kichanga mwanga hupita pembeni ya kidole na namba hupotea. Kichanga hupimwa kwa kihisi laini kinachozungushwa mguuni au kiganjani, taa na kipokezi vikitazamana. Mguu uwe na joto, mtoto awe ametulia, na usiandike kitu mpaka mapigo ya kwenye mashine yalingane na unayoyahesabu kwa kusikiliza moyo. Kwa ngozi nyeusi, vipimo hivi huweza kusoma juu kuliko hali halisi. Ulimi ukigeuka bluu, nenda hospitali hapohapo, mashine iseme itakavyo.

Tuna oksimita ya vichanga kituoni. Tuwapimeje watoto, kutafuta kasoro kubwa za moyo, kabla ya kuwaruhusu? (Muuguzi, Kigoma)

Laiti kila kituo kingeuliza hili. Subirini saa 24. Mapema zaidi mtapata wengi wanaofeli bila ugonjwa, kwa kuwa mapafu bado yanazoea hewa. Mama akiondoka kabla, pimeni dakika za mwisho. Anzeni mkono wa kulia (wa kushoto hautoi jibu la uhakika), kisha mguu wowote. Mkono na mguu vyote vikiwa 95 au zaidi, na tofauti isizidi 3, amefaulu. Chini ya 90 popote, amefeli: mwiteni daktari mara moja. Kilichobaki katikati, rudieni baada ya saa moja. Kisipofaulu, mhesabuni amefeli.

Aliyefeli anaweza kuwa na nimonia au maambukizi ya damu, hivyo angalieni hayo huku mkitafuta eko (kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti). Akianzishiwa prostaglandini (dawa ya kuzuia mshipa wa kichanga karibu na moyo usijifunge), asisafirishwe bila mfuko wa kupumulisha na mtu anayejua kuutumia, maana dawa hiyo huweza kusimamisha pumzi.

Na aliyefaulu bado hajasalimika. Mshipa mkuu wa damu utokao moyoni (aota) ukiwa umebanwa, mara nyingi hupita mtihani huu, kwa hiyo shikeni mapigo ya kwenye kinena kwa kila mtoto. Ni sekunde chache na hakuna gharama.

Oksimita itaonyesha kama mtoto ana tundu kwenye moyo? (Wengi)

Haionyeshi. Swali hili linarudi kila mara, na jibu halibadiliki. Tundu kati ya vyumba vya chini hujaza damu mapafuni. Oksijeni husoma 98 huku mtoto akihema, akitoka jasho anaponyonya na kukonda. Tundu huonekana kwa eko. Na mizani ya kliniki itakushtua mapema kuliko oksimita.

Na saa janja ya mkononi? (Baba, Mombasa)

Kwa mtoto, okoa hela yako ulipie eko.

Naweza kumtumia bingwa eko kwa WhatsApp? (Daktari wa wilaya)

Tuma video, picha moja iliyoganda haisemi kitu. Kila upande sekunde tatu hadi tano, bila rangi kisha na rangi (inayoonyesha damu inavyokwenda): chini ya mbavu, vyumba vinne, mhimili mrefu, mhimili mfupi (moyo kwa urefu na kwa upana), na upinde wa mshipa mkuu kutoka juu ya kifua. Andika umri, uzito, oksijeni ya mkono na ya mguu. Jina la mtoto lifunikwe. Wanaotuma karatasi ya majibu iliyopigwa picha gizani wanamcheleweshea mtoto matibabu.

Mwanangu wa miezi miwili amewekewa mrija wa kupeleka damu mapafuni, anasubiri upasuaji wa pili. Nifuatilie nini nyumbani? (Mama, Dodoma)

Mpime uzito kila asubuhi kwa mizani inayosoma gramu, kabla hajanyonya, bila nguo. Pima oksijeni kwa kihisi cha kichanga na uandike daftarini. Piga simu siku hiyohiyo oksijeni ikishuka chini ya 75 (au kiwango ulichoandikiwa na hospitali), uzito ukipungua gramu 30 kwa siku moja, au asipoongeza gramu 20 kwa siku tatu. Akitapika au kuharisha, usingoje namba: maji yakipungua mwilini mrija huweza kuziba kwa muda mfupi. Aspirini aliyoandikiwa isirukwe hata siku moja. Kabla hujatoka wodini, dai namba ya simu inayopokelewa usiku, na uipige mbele yao uhakikishe inaita.