Swali la lugha: "taa inawaka lakini haiwaki", hicho nacho ni Kiswahili?

Swali limetoka kwa kijana wa Wete, kaandika hivi: "Assalaam aleikum mwalimu. Nimenunua kibodi chenye chipu ya ARM, hizi Raspberry Pi 3, nikaflashi mfumo endeshi wa Linux kwenye kadi ya memori, nikachomeka waya wa chaji. Taa nyekundu inawaka lakini kibodi hakiwaki. Nikawaandikia mafundi wenzangu, wa kwanza akaniuliza kibodi chenyewe cha waya au cha bluetooth, wa pili akanicheka, ati inawaka lakini haiwaki ndo lugha gani hiyo. Mwengine kanambia niseme haibuti, na mwalimu wetu wa skuli alishatukataza, kasema kubuti ni Kizungu, tuseme kuwasha. Sasa nisemeje? Na Linux ni programu huria au programu ya bure?"

Waaleikum salaam mwanangu. Tuanze na hicho kibodi, yani hiyo kompyuta yako ndogo, mana hapo ndo ulipowapoteza watu. Kanuni umeifata vizuri tu, bodi ni kubwa wewe ukataka iwe ndogo ukaitia ki-, kama mlima ukawa kilima na mtoto akawa kitoto. Tatizo kibodi lina mwenyewe siku nyingi, ni kile chenye herufi tunachoandikia, kwaiyo fundi aliekuuliza cha waya au cha bluetooth hana kosa, kakusoma kama ulivoandika. Sema bodi ndogo, au kompyuta ya bodi moja, na ukitaka kudogosha kweli kweli basi ongeza na ji iwe kijibodi kama tunavosema kijitabu na kijumba, litachekesha kidogo lakini halitomchanganya mtu. Na chunga usije ukaandika kwa haraka "kadi bodi" ukaunganisha, ikawa kadibodi, wataona umetia Linux kwenye boksi la viatu. Upatanisho wake ni bodi yangu haiwaki, bodi zangu haziwaki, basi.

Haya, sasa hilo la inawaka lakini haiwaki. Sentensi yako kisarufi iko sawa, kinachowaka ni taa na kisichowaka ni kitu chengine, wanaokucheka wanacheka tu. Ila kitenzi kimoja umekibebesha kazi mbili na mafundi hawajui ipi unayoilalamikia. Kwenye gari hatuna shida hii, mtu akitia ufunguo akazungusha nusu taa za dashibodi zinawaka na redio inalia lakini hakuna atakaekwambia gari imewaka mpaka mashine ingurume, yani -waka ya gari tumeshakubaliana sote kuwa ni ya mashine. Kwa kompyuta hatujakubaliana. Mtu anasema kompyuta imewaka ameona taa, mwengine anasema imewaka ameona mpaka pahala pa kuandika neno la siri, na baina ya hayo mawili ndo kwenye tatizo lako lote.

Manake angalia kinachotokea kwenye hiyo Pi 3. Taa nyekundu inakwambia umeme umefika, haikwambii chengine. Kisha anaeamka mwanzo wala sio ARM, ni ile sehemu ya chipu inayoshughulika na picha, hiyo ndo inakwenda kwenye kadi kutafuta faili linaloitwa bootcode.bin, likishapatikana linafata start.elf, halafu inasomwa config.txt kujua bodi iwekwe vipi, halafu keneli ya Linux, yani kiini chake, inapakiwa kwenye memori na hapo tena ARM inaachiwa kazi. (Pi 4 ya 2019 imebadilika kidogo, hatua ya mwanzo imehamishwa kutoka kwenye kadi ikawekwa kwenye chipu iliyo juu ya bodi yenyewe.) Safari yote hiyo huwezi kuiita kuwasha. Kuwasha ni kazi ya mkono wako, umechomeka waya umemaliza. Kinachofata mashine inakifanya yenyewe bila ya wewe, na kitenzi chake mafundi wanacho, ni kubuti.

Mwalimu wako namuheshimu lakini hapa sikubaliani nae. Kama kubuti tulikatae kwa sababu limetoka Uingereza basi na bodi lende, na kadi, na waya, na chaji, utabaki na taa yako nyekundu tu. Na buti lenyewe si geni kwetu, tunalo la kuvaa na tunalo la gari la kutilia mizigo. Tena Waingereza nao wamelitoa huko huko kwenye viatu, walikuwa na msemo wao wa mtu kujinyanyua kwa kuvuta kamba za mabuti yake mwenyewe, ndo wakaupachika kwenye mashine inayopakia programu ya kuja kupakia programu nyengine. Kwenye mtihani andika kuanzisha mfumo endeshi, hakuna atakaekukata maksi, lakini ukimwandikia fundi "bodi yangu haijianzishi mfumo endeshi" atakuona unamsomea hotuba.

Ila ukishalichukua neno lichukue na sarufi yake. Kubuti linakwenda kama kurudi na kuketi, halimalizikii na a, kwaiyo kwenye kukanusha mwisho wake haubadiliki. Inawaka, haiwaki, hapo a imekuwa i. Inabuti, haibuti, imebaki vile vile kama anarudi, harudi. Ukiwa wewe ndo unaeifanya ibuti, sema nimeibutisha, kama kurudi na kurudisha. Najua wengi wanaandika nimeibuti, inaeleweka, mimi silipendi tu kwa sababu linafuta tofauti nzuri tuliyonayo ya baina ya mfanyaji na kitu kilichotokea. Mtu anasema nimemwamsha lakini hajaamka, nimeiwasha lakini haijawaka, nimeibutisha lakini haijabuti, na msikilizaji anajua hapo hapo kuwa wewe ulitimiza upande wako.

Na usichanganye haijabuti na haibuti, hapa watu wengi wanajiponza. Haijabuti mana yake bado, huenda ikabuti. Haibuti mana yake nimeshajaribu na nimeshasubiri na haitaki. Mara ya kwanza ukitia kadi mpya ya Raspberry Pi OS, ile Linux ya bodi hizi, yenyewe inajitanua ienee kadi nzima kisha inajizima na kuwaka tena, mtu hajui anaona kioo kimekuwa cheusi anaandika haibuti, kumbe haijabuti, na watu wanaanza kumshauri anunue bodi nyengine.

Kwaiyo ningekuwa wewe ningeandika: "Bodi yangu ya Raspberry Pi 3 inapata umeme, taa nyekundu inawaka, lakini haibuti." Halafu uongeze na habari ya taa ya kijani mana hukuitaja kabisa na hiyo ndo yenye maneno. Ikipepesa mara nne ikatulia ikapepesa tena mara nne, basi start.elf haikuonekana, ikipepesa mara saba ni keneli ndo haikuonekana. Isipopepesa kabisa mara nyingi tatizo liko kwenye kadi, na hapo napo chagua kitenzi, ukisema bodi haisomi kadi umeituhumu bodi, ukisema kadi haisomeki umeituhumu kadi, jaribu kadi nyengine kwanza kabla hujasema moja katika hayo. Na hakikisha Linux ulioiflashi ni ya ARM, ile ya kompyuta za kawaida za Intel haitabuti hapo hata ukeshe, chipu hizi mbili hazifahamu amri za aina moja.

Kabla sijaondoka hapo, hukuuliza kuhusu kuzima lakini nitalisema mana ndo linaloua kadi. Vitabuni tunafundishwa taa imezimika, mitaani Unguja na Pemba tunasema imezima tu, umeme umezima, simu imezima, sina ugomvi na hilo. Lakini imezimwa ni nyengine, hapo yupo mtu alieizima. Bodi hizi nyingi hazina swichi, watu wanachomoa waya wakasema nimeizima, hapana, hujaizima, umeikatia umeme, na ikiwa wakati huo ilikuwa inaandika kitu kwenye kadi mafaili yanaweza kuharibika na kesho yake haibuti. Kuizima ni kuipa amri ijifunge, taa ya kijani itulie, ndo uchomoe. Fundi akikuuliza "ilizima au ulizima?" anakuuliza swali la maana sana, usimjibu "ndio".

La mwisho halina maneno mengi. Linux ni programu huria. Huria ni ile ile ya soko huria na ya Chuo Kikuu Huria, hakuna kizuizi cha kuingia, na chuo hicho ada wanalipa, kwaiyo huria na bure ni vitu viwili mbali mbali. Programu huria chanzo chake, yani maandishi ya programu yenyewe, kiko wazi, unaruhusiwa kukisoma, kukibadilisha na kumgaia mwenzio, na hakuna katazo la kuiuza. Za bure ziko chungu nzima ambazo chanzo chake hujawahi kukiona na hutokiona. Waingereza wana neno moja kwa yote mawili wanahangaika nalo mpaka leo, sisi tunayo mawili, kwaiyo andika huria na bei uitaje mbali kama ipo haja.