Kwa nini kahawa haifidii usingizi

Ndugu, umeuliza iwapo kahawa inaweza kufidia usiku wa kukesha. Haiwezi, na sababu yake imo katika kemikali ya ubongo iitwayo adenosini, ambayo hutokana na seli kutumia nishati na huzidi kuongezeka kadiri tunavyokaa macho, ikituletea usingizi. Mwaka 1997, mwanasayansi Tarja Porkka-Heiskanen, pamoja na Robert McCarley na wenzao, walichapisha utafiti juu ya paka waliozuiwa kulala kwa saa 6: adenosini ilipanda katika sehemu ya chini ya ubongo wa mbele, kisha ikashuka taratibu paka hao walipolala. Kafeini, kemikali ya kahawa inayotuchangamsha, huziba tu vipokezi vya adenosini, yaani sehemu za seli zinazoipokea; adenosini yenyewe haiondoki, ndiyo maana uchovu hurudi kwa nguvu kafeini inapopungua mwilini. Nakusihi usilichukulie jambo hili kwa wepesi, hasa ikiwa unaendesha gari baada ya kukesha, kwa kuwa mtu aliyekosa usingizi mara nyingi hatambui jinsi umakini wake ulivyoshuka. Aidha, kafeini huchukua takribani saa 5 kupungua hadi nusu, hivyo kikombe cha jioni kinaweza kuuvuruga usingizi uleule unaouhitaji.